Mbwa Msaidizi na Mtu Mwenye Ulemavu wa Viungo Jijini Kampala: Historia ya Uamuzi Mgumu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uamuzi unaomkabili mtu mwenye ulemavu wa viungo jijini Kampala anapofikiri kuchukua mbwa msaidizi. Uamuzi huo kwa kawaida huelezwa kama suala la gharama. Makala yanadai kwamba nyuma ya gharama kuna mambo manne yasiyotazamwa kwa pamoja: nafasi ya mbwa katika Buganda na katika Kiswahili, historia ya vifaa vya kutembelea vilivyoundwa Mulago, mradi wa mbwa ulioanzia Gulu baada ya vita, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Uganda imeusoma kwa lugha moja tu kati ya lugha zake sita rasmi. Data zimetokana na usomaji wa matini za kihistoria, za kisheria na za kileksia.

Mbwa wa Kabaka na mbwa koko

Wageni wanaoandika kuhusu mbwa katika Afrika Mashariki hupenda kuanza na neno moja: chuki. Mwafrika, husemwa, hampendi mbwa. Kwa hiyo mbwa msaidizi hawezi kukubalika. Dai hili halistahimili hata kurasa chache za historia ya Buganda. John Hanning Speke alipofika katika ikulu ya Kabaka Mutesa I mnamo Februari 1862, aliandika kwamba alimkuta Kabaka akiwa na mbwa mweupe, mkuki, ngao na mwanamke kando yake, vitu alivyoelezwa kuwa ndivyo alama za ufalme. Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1878, anasimulia juu ya Suuna II, baba wa Mutesa, aliyempenda mbwa wake kiasi cha kumtengea eneo la kulimiwa viazi vitamu, na ambaye mbwa huyo alipokufa aliwataka machifu wachangie mabugo ya kumzikia. Hata tukiipunguza simulizi hiyo kwa kiasi ambacho simulizi za Stanley hustahili kupunguzwa, inabaki habari ya mbwa aliyekuwa na hadhi. Na miongoni mwa koo za Baganda upo ukoo wa Embwa, ambao mbwa ndiye mwiko wake.

Upande wa pwani, Kiswahili kina picha yenye pande mbili. Methali isemayo kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko inamsifu kwa kutokata tamaa. Papo hapo, lugha ina mbwa koko, asiye na mwenyewe, na ina kichaa cha mbwa, ugonjwa uliobeba jina la mnyama mmoja ingawa wanyama wengi huupata. Utawala wa kikoloni uliimarisha upande huu wa pili. Sheria za wanyama ambazo Uganda ilirithi, ikiwemo sheria mahususi ya kichaa cha mbwa, zilimtazama mbwa kama hatari ya kudhibitiwa: afungwe, achanjwe, na akizurura auawe. Baadaye kikaja kikosi cha mbwa cha Polisi, na kwa mwananchi wa kawaida wa Kampala mbwa aliyefunzwa akawa ndiye yule anayekuja kunusa nyayo za mwizi. Mbwa wa kufunzwa alijulikana, basi, lakini alijulikana akiwa upande wa dola.

Suala la dini haliwezi kurukwa. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito inayotahirishwa kwa kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Madhehebu ya Maliki hayana msimamo huo. Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, inaruhusu kula windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, na katika Sura ya Al-Kahf mbwa anatajwa akilinda mlango wa pango. Mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona aingie katika eneo la msikiti pamoja na mbwa wake, baada ya wanazuoni kutoa fatwa. Mbwa alitengewa mahali pake mbali na ukumbi wa sala. Ninautaja mfano huu kwa sababu unaonesha mahali mazungumzo yanapoweza kuanzia. Masheikh wa Kampala wakiulizwa kuhusu mbwa wa kufuga watatoa jibu moja. Wakiulizwa kuhusu mnyama aliyefunzwa kwa haja maalumu, mlango wa fikihi unaofunguka ni mwingine.

Punda wa Asia, mbwa wa California

Shule ya kwanza ya mbwa viongozi wa wasioona ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Marekani ilifuata mwaka 1929, Uingereza ikapata jozi zake za kwanza mwaka 1931, na Afrika Kusini ikaanzisha chama chake mwaka 1953. Hiyo ni historia ya kutoona. Ulemavu wa viungo ulisubiri.

Ulisubiri hadi mwaka 1975, Bonnie Bergin alipoanzisha shirika la Canine Companions for Independence huko Santa Rosa, California. Kwa wasomaji wa ukanda wetu, jambo la kuzingatia ni chanzo cha wazo lake. Bergin alikuwa amefundisha na kusafiri Asia, na huko aliwaona watu wenye ulemavu mkubwa wakiwa mitaani, wakifanya biashara zao huku wakijishikiza kwa punda waliobeba bidhaa. Aliporudi Marekani alijiuliza kwa nini watu wa namna hiyo kwao walikuwa wamefungiwa katika taasisi, na ni mnyama gani angefaa katika nyumba ya Kimarekani. Huduma inayohesabiwa leo kuwa anasa ya nchi tajiri ilitokana na mtaa wa nchi maskini, ambako hapakuwa na huduma yoyote.

Mbwa wake wa kwanza kwa mtu anayetumia kitimwendo aliitwa Abdul. Jina hilo, lenye maana ya mtumishi wa, huenda lilisikika la kupendeza California. Katika mtaa wowote wa Old Kampala lingetosha kuzima mradi kabla haujaanza, na sidhani kama kuna warsha ya usawazishaji wa istilahi inayoweza kutoa mfano bora zaidi wa umuhimu wa majina.

Mbwa wa aina hii hufunzwa kuokota kitu kilichoanguka, kuvuta kamba iliyofungwa mlangoni, kuwasha taa, kumwita mtu mwingine, na wakati mwingine kumhimili mwenye miguu dhaifu anapoinuka. Mafunzo huchukua takriban miaka miwili, na thamani ya mbwa mmoja katika nchi zile hufikia makumi ya maelfu ya dola, ingawa mashirika mengi hayamtozi mhusika. Orodha ya kazi hizo iliandikwa kwa kuitazama nyumba fulani, yenye milango mipana, sakafu tambarare, swichi ukutani na choo ndani.

Somo la Mulago

Historia ya Kampala yenyewe ina kipimo cha kuupimia msaada unaotoka nje. Katika miaka ya 1960 daktari wa upasuaji Ronald Huckstep, aliyefanya kazi Makerere na Mulago hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikabiliwa na watoto wengi waliopooza kwa polio, ambao vyuma vya miguu vilivyoagizwa Ulaya havikuwafikia wala visingewafikia. Alibuni vyuma vyepesi vilivyoweza kutengenezwa na mafundi wa hapa, vikiunganishwa na viatu vya mbao. Havikuwa vizuri kwa macho. Lakini vilipovunjika, fundi alipatikana. Uganda ilithibitishwa kuwa haina tena polio mwaka 2006, na wengi wa watu wazima waliokwenda kwa magongo na vyuma jijini katika miongo iliyotangulia walikuwa watoto wa kipindi kile.

Mfano wa pili uko Busia, mpakani. Huko watu wenye ulemavu wa viungo walijijengea biashara ya kuvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, na mtaji wao ukiwa ile hali iliyowafanya waonewe huruma na maofisa wa forodha. Baiskeli hizo ziliundwa na wachomeleaji na kusukumwa na vijana wa kulipwa. Kifaa, fundi, msukumaji na mteja walikuwa katika mtaa mmoja.

Kipimo ninachokipata hapa ni rahisi: msaada hudumu pale unapoweza kutengenezwa mahali unapoharibikia. Mbwa huharibika pia, kwa maana hiyo. Huugua, huzeeka, na baada ya miaka minane au kumi ya kazi hustaafu. Mtu aliyeletewa mbwa kutoka ng'ambo, kwa kibali cha Wizara ya Kilimo na vyeti vya chanjo, amepata kitu ambacho kikipungua hakuna wa kukirekebisha.

Gulu

Ndiyo maana mradi wa Gulu una uzito kuliko ukubwa wake. Francis Okello Oloya alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 12, bomu lilipolipuka wakati akilima katika shamba la familia yao, katika eneo lililokuwa la vita kati ya jeshi la serikali na waasi wa Lord's Resistance Army. Katika shule ya bweni shida yake kubwa ilikuwa usiku: choo kilikuwa nje, na kila alipotaka kwenda ilimbidi amwamshe mwenzake. Aliona vibaya kuwasumbua. Mbwa waliokuwa pale shuleni wakaanza kumsindikiza, na kwa kuwafuata akafika chooni na kurudi. Hawakuwa wamefunzwa na mtu.

Baadaye alisomea saikolojia ya jamii chuoni. Aliporejea kaskazini alianzisha mradi wa mbwa wafariji, kwa kushirikiana na shirika la The BIG FIX Uganda, linaloendesha hospitali ya wanyama mjini Gulu. Mbwa walioachwa au waliokuwa wakizurura hutibiwa, hufungwa uzazi, huchanjwa, kisha huunganishwa na watu waliojeruhiwa kisaikolojia na vita. Mtu na mbwa hupitia mafunzo pamoja.

Lazima tuwe waangalifu hapa. Mbwa mfariji si mbwa msaidizi wa mtu mwenye ulemavu wa viungo. Wa kwanza hutuliza moyo, wa pili hufanya kazi mahususi ya mwili. Ripoti za habari huwachanganya, na washauri wa sera wakiwachanganya wataandika kanuni isiyomfaa yeyote. Hata hivyo Gulu imethibitisha mambo mawili ambayo Kampala ilikuwa ikiyatilia shaka. Kwanza, mbwa wa kienyeji, yule yule koko, hufunzika. Pili, orodha ya kazi inaweza kuandikwa upya. Kusindikizwa chooni usiku si kazi inayotangulia katika miongozo ya California. Kwa wapangaji wa vyumba vya mizigo Kampala, ambako choo ni cha pamoja na kiko uani, ndiyo kazi ya kwanza, na kwa wanawake ni suala la usalama.

Lugha ya Mkataba

Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tarehe 25 Septemba 2008. Nchi hii haikuwa mgeni katika suala hilo: chama cha kitaifa cha watu wenye ulemavu, NUDIPU, kiliundwa mwaka 1987, Katiba ya 1995 ikawatambua kwa Kifungu cha 35, na viti vitano vya Bunge vikatengwa kwa ajili yao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na ile ya 2020.

Kifungu cha 9 na cha 20 cha Mkataba vinazitaka nchi ziwezeshe upatikanaji wa kile ambacho matini ya Kiingereza inakiita, kwa tafsiri ya neno kwa neno, msaada ulio hai. Kivumishi hicho kina utata. Kwa kuwa mifano inayofuata katika Kifungu cha 9 ni ya viongozi wa njia, wasomaji na wakalimani wa lugha ya alama, msomaji wa Kiingereza hudhani kwamba wanaozungumziwa ni watu tu. Neno mbwa halimo popote.

Tufungue matini ya Kifaransa. Hapo maneno ni bayana: msaada wa kibinadamu au wa kinyama, kwa maana ya unaotolewa na mnyama. Matini ya Kihispania inasema vivyo hivyo. Na Kifungu cha 50 kinatamka kwamba matini za Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania zina uhalali ulio sawa. Kwa kanuni za Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, matini zenye uhalali sawa zinapotofautiana hutafutwa maana inayozipatanisha. Maana ya Kifaransa inapatana na Kiingereza; dhana ya kwamba ni watu peke yao haipatani na Kifaransa. Kwa hiyo Uganda, ikiwa nchi mwanachama, tayari imekubali kuwezesha msaada wa mnyama, ila haijasema hivyo kwa lugha ambayo kondakta wa teksi au mwenye nyumba anaielewa.

Kiswahili kiliwekwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likakipa msukumo mpya Julai 2022. Mtafsiri wa Kiswahili hawezi kuuacha utata ule mahali ulipo. Msaada hai ni tafsiri mbovu. Msaada wa kibinadamu umeshachukuliwa na misafara ya chakula cha wakimbizi, na msaada wa kinyama ungeeleweka kuwa wa ukatili. Napendekeza usaidizi wa mtu au wa mnyama aliyefunzwa, maneno marefu lakini yasiyo na mtego.

Kwa mnyama mwenyewe, istilahi mbwa wa huduma huleta sura ya mbwa anayetoa huduma kwa umma, karibu na yule wa polisi. Mbwa kiongozi inawafaa wasioona. Kwa ulemavu wa viungo mbwa msaidizi ndiyo inayofaa, kwa kuwa msaidizi katika Kiswahili ni mwenye kazi na mipaka ya kazi. Hapa historia ya ngeli inatuonya. Kiswahili kiliwaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika umbo la ki-/vi-, umbo la vitu, ingawa upatanisho wa sentensi uliwahifadhi katika uhai. Luganda, kwa mzizi ule ule, kina omulema katika umbo la watu, huku kiggala akibaki katika umbo la ki-. Imechukua juhudi ya miaka mingi kufika kwenye mtu mwenye ulemavu. Itakuwa ajabu tukimpa mbwa jina la heshima kabla ya kuhakikisha kwamba mwenye mbwa amelipata lake.

Uamuzi wenyewe

Tumchukulie mwanamke anayetumia kitimwendo na kupanga chumba Bwaise, bonde ambalo mvua kubwa hulifurika. Achukue mbwa?

Kinachomzuia kutoka nje ni mtaro usio na daraja, ngazi za ofisi, na teksi isiyo na nafasi ya kiti chake. Mbwa hatamwondolea hata kimoja. Chakula cha mbwa, posho na mukene, kinaingia katika bajeti ile ile ya mlo wake. Mwenye nyumba anaweza kumfukuza, na jirani anaweza kutega sumu, si kwa uovu bali kwa kuogopa kichaa cha mbwa. Katika hali ya sasa, nisingemshauri amchukue mbwa aliyeletwa kutoka nje, hata akipewa bure.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika, kwa sababu imemlinganisha mbwa na kutokuwa na kitu. Huyu mwanamke ana msaidizi tayari. Aghalabu ni mtoto: binti wa dada yake aliyeletwa kutoka kijijini, anayeokota kilichoanguka, anayesukuma kiti, anayeamka usiku, na ambaye kwa sababu hiyo huchelewa shule au haendi kabisa. Waandishi wa historia ya ulemavu nchini wamemtazama mara chache mno. Buganda ilikuwa na desturi ya Kabaka kubebwa mabegani na watu wa ukoo wa Mbogo. Kubebwa kulikuwa heshima na wabebaji walikuwa na cheo. Mtoto wa Bwaise hana cheo wala ujira. Mbwa wa kienyeji, aliyefunzwa kuokota, kubweka kuita msaada na kusindikiza usiku, hawezi kusukuma kiti, lakini anaweza kumrudishia mtoto huyo usingizi na sehemu ya asubuhi yake. Huo ndio ulinganisho unaopaswa kuwekwa mbele ya mwenye kuamua, na mbele ya wizara.

Mambo matatu yangebadilisha jibu langu. La kwanza ni kanuni chini ya Sheria ya 2020 inayomtaja mnyama aliyefunzwa na kuwazuia mwenye nyumba na mwenye teksi kumkataa. Kuiandika kanuni hiyo hakudai bajeti kubwa. La pili ni chanjo ya kila mwaka na kitambulisho kinachoonekana shingoni, kitolewe na mamlaka ya jiji, ili jirani aache kuogopa kwa sababu anayoiona kwa macho. La tatu ni mkufunzi wa Gulu kuja Kampala kufunza wakufunzi wengine, kwa mbwa wa hapa, na kwa orodha ya kazi itakayoandikwa na wanaotumia vitimwendo wenyewe. Bila la tatu, mawili ya mwanzo yatabaki karatasini. Lakini mkufunzi naye akija kabla ya kanuni, mbwa wake wa kwanza atateremshwa kwenye teksi siku ya kwanza.

Linabaki swali ambalo yeye peke yake ndiye wa kulijibu, nalo ni nani atamlisha mbwa siku akilazwa Mulago. Asiye na jibu la hilo asichukue mbwa mwaka huu.